Kupima ubongo wa kuku wa kienyeji si mashindano ya akili

Picha iliyozua mjadala ilikuwa ya kawaida kabisa. Ubongo wa kuku wa asili, umetolewa kwenye fuvu, umelazwa juu ya karatasi yenye vipimo, na kando yake kuna kalipa, kifaa cha kupimia urefu na unene. Ilirushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa Dar es Salaam na Pwani ambalo nalisoma karibu kila siku, ikiwa imetoka katika moja ya tafiti za anatomia zinazofanywa India juu ya kuku wa asili wa huko. Majibu yalikuwa ya aina mbili. Wa kwanza walisema watu wamekosa kazi: kuku wanakufa kwa kideri, chakula kimepanda bei, halafu msomi anakaa maabara anapima ubongo kwa milimita. Wa pili walifurahi mno. Muuza vifaranga mmoja aliandika kwamba sasa sayansi imethibitisha alichokuwa akisema miaka yote: kienyeji ana ubongo mkubwa kuliko broila ukilinganisha na mwili wake, kwa hiyo ana akili zaidi, kwa hiyo bei yake ni halali.

Naona pande zote mbili zimeisoma picha ile vibaya. Vipimo vya ubongo wa kuku wa kienyeji havikuchukuliwa ili kumpa kuku cheti cha akili, wala si mchezo wa wasomi. Ni rula. Vinatuambia ubongo wa kuku mzima, wa aina fulani, wa umri fulani, unapaswa kuwaje, ili siku tukikutana na ulioharibika, au uliobadilika kwa sababu ya namna tunavyozalisha, tujue. Rula hiyo kwa kuku wetu ni hafifu sana, na chotara wanavyozidi kuingia katika kila banda kuanzia Chanika hadi Bunju, muda wa kuitengeneza vizuri unapungua.

Tuanze na kitu chenyewe. Ubongo wa kuku mkubwa una uzito wa takriban gramu 3 hadi 4, sawa na kijiko kidogo cha sukari. Mbele kuna nusu mbili zenye uso laini, zisizo na mikunjo kama ya ubongo wa binadamu. Chini yake, kulia na kushoto, vimechomoza vinundu viwili vikubwa vya kuonea, na ukubwa wao unaeleza mengi juu ya mnyama anayeishi kwa macho. Sehemu ya kunusia ni ndogo sana. Nyuma, katikati, imekaa serebela, nyembamba na yenye mikunjo iliyopangana kama kurasa za kitabu, nayo ndiyo inayosimamia mizani ya mwili na mpangilio wa hatua. Chini ya vyote ni shina la ubongo linaloshuka kwenye uti wa mgongo, na neva za kichwa ni jozi 12 kama zetu. Mtafiti anayepima huchukua uzito wa ubongo wote, urefu na upana wa kila sehemu, wakati mwingine na ujazo kwa kuuzamisha kwenye maji, kisha hulinganisha jogoo na tetea, kifaranga na mkubwa. Katika baadhi ya aina hata rangi ni habari. Kadaknath, kuku mweusi wa jimbo la Madhya Pradesh, weusi wake huingia ndani ya mwili mpaka kwenye neva na utando unaofunika ubongo. Daktari ambaye hajawahi kuona ubongo wa Kadaknath mzima anaweza kudhani ametazama ugonjwa.

Uso ule laini ndio ulioponza ndege kwa karne nzima. Ludwig Edinger, mtaalamu wa Ujerumani aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, aliusoma ubongo wa ndege kama kitu kilichojaa silika, chenye nafasi finyu ya kujifunza, na majina aliyozipa sehemu zake yakabeba imani hiyo ndani ya vitabu vya shule. Ilichukua hadi miaka ya 2004 na 2005 kwa jopo la wataalamu kuyafuta majina hayo na kukubali kwamba sehemu kubwa ya ubongo wa mbele wa ndege ni ya jamii moja na ile inayotufanya sisi tufikiri. Mwaka 2016 hesabu ya seli ikaongeza uzito: kuku mwitu mwekundu wa Asia, babu wa kuku wote wa kufugwa, ana takriban seli za neva milioni 220, karibu sawa na panya wa maabara. Kwa hiyo anayesema “akili za kuku” akiwa na maana ya kichwa kitupu amepitwa na ushahidi. Lakini hilo halimpi ushindi muuza vifaranga wetu, kwa sababu hoja yake ni nyingine, na ndiyo dhaifu kuliko zote zilizotolewa siku ile.

Hoja yake inasimama juu ya uwiano: gawa uzito wa ubongo kwa uzito wa mwili. Tuseme tetea wa kienyeji ana kilo 1.4 na ubongo wa gramu 3.5, uwiano ni asilimia 0.25. Mpe broila wa kilo 3 ubongo uleule, gramu zilezile, seli zilezile, na uwiano utashuka hadi karibu asilimia 0.12. Ubongo haukupoteza kitu; kilichoongezeka ni nyama ya kifua. Na nyama hiyo imeongezeka kwa kiasi cha kutisha. Watafiti wa Alberta, Canada, walipowalea pamoja, kwa chakula kimoja, kuku wa kizazi kilichohifadhiwa tangu 1957 na broila wa mwaka 2005, wale wa zamani walikuwa na wastani wa gramu 905 wakiwa na siku 56, na wale wa 2005 wakafika gramu 4,202. Mwili umezidi mara nne ndani ya nusu karne kwa kuchagua wazazi. Ubongo haukui kwa mwendo wa mwili hata katika maumbile ya kawaida. Wanyama wakubwa karibu wote wana uwiano mdogo kuliko wadogo wa jamii yao. Anayetumia uwiano kupima akili itabidi akubali pia kwamba kifaranga wa wiki moja anamzidi mama yake akili, maana kichwa cha kifaranga ni kikubwa sana kwa mwili wake.

Kuna ushahidi mzito zaidi ya hesabu hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, watafiti walichukua kuku mwitu wekundu wakawagawa katika mistari miwili ya uzazi: mmoja wakazalisha wale wasiomwogopa binadamu, mwingine wale wanaomwogopa. Baada ya vizazi kumi, wale wapole walikuwa na ubongo mdogo zaidi kwa kulinganisha na mwili, na tofauti ilionekana hasa kwenye shina la ubongo, eneo linalohusika na mshtuko na hofu. Walipowashtua kwa mwanga, wapole walizoea haraka zaidi. Lakini walipowapa jaribio la kujifunza kuhusisha ishara na chakula, mistari miwili haikutofautiana. Matokeo hayo yaliyotolewa mwaka 2020 yanapaswa kumfikisha mtu yeyote makini kwenye hitimisho moja: ubongo uliopungua umebadilika, lakini kubadilika si kupumbaa. Ukitaka kujua kuku anaweza nini, mjaribu kuku. Kipimo cha kalipa kitakuonyesha mahali pa kutazama tu.

Sasa nirudi kwa wale wa kwanza, ambao nawaheshimu zaidi. Anayesema pesa ziende kwenye chanjo hajakosea kuhusu ukubwa wa tatizo. Kideri, ambacho wengine huita mdondo, kinaweza kufagia banda zima la kuku wasiochanjwa ndani ya siku chache, na dawa ya kukitibu hakuna. Chanjo ya I-2, ambayo inavumilia joto kuliko chanjo nyingine na kwa hiyo inafaa vijiji visivyo na jokofu, inatengenezwa hapahapa Kibaha. Tone moja jichoni, ukirudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Shilingi inayomfikishia mama wa Mkuranga tone hilo inaokoa kuku wengi kuliko makala yoyote ya anatomia. Kama tungekuwa tunachagua kimoja kati ya viwili, ningechagua chanjo bila kusita.

Ila hatuchagui hivyo. Upimaji wa ubongo ni miongoni mwa tafiti za bei ndogo kabisa: mizani ya maabara, kalipa, formalini (dawa ya kuhifadhia viungo), na mtu mwenye mkono mtulivu na uvumilivu. Kwa kuanzia, hata kuku wa kuua hahitajiki. Katika masoko kama Shekilango kuku huchinjwa na kunyonyolewa hapohapo, na vichwa na miguu huuzwa kwa mafungu ya bei ya chini. Malighafi ya utafiti huo inakaa kwenye beseni kila asubuhi.

Na uhusiano wake na magonjwa ni wa karibu kuliko mfugaji anavyodhani. Mwulize anayefuga kwa miaka: kuku akipinda shingo, akizunguka, akitembea kinyumenyume au akipooza mguu, jibu ni moja, “kideri hicho.” Mara nyingi ni kweli. Lakini upungufu wa vitamini E nao huangusha vifaranga wa wiki mbili hadi nne kwa kuwaharibia serebela: wanayumba, wanaanguka chali, vichwa vinajikunja. Upungufu wa vitamini B1 huwafanya watazame juu kama wanaohesabu nyota, na ni kuku hao waliomwongoza Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi aliyekuwa Java miaka ya 1890, kwenye chanzo cha beriberi, baada ya kuona kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa wakidhoofika miguu. Ugonjwa wa Marek hupooza miguu na mbawa. Mafua ya ndege yanaweza kugusa ubongo. Mfugaji anayechanja mara tatu kwa kideri huku tatizo ni chakula kilichochacha kiasi cha kupoteza vitamini E anapoteza chanjo, muda na vifaranga.

Hapa ni lazima niwe mkweli, maana wanaotetea tafiti hizi hupenda kuruka jambo hili. Kideri chenyewe kwa kawaida hakiachi alama ya kuonekana kwa macho kwenye ubongo, hata pale kilipopinda shingo ya kuku. Ukiupima kwa kalipa utapata namba za ubongo mzima. Kinachogundulika hugundulika kwa darubini na vipimo vya virusi, kazi inayofanywa na maabara kama za TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, pale Temeke. Upungufu wa vitamini E ni tofauti: serebela huvimba, hulainika, na mara nyingi huwa na vidoadoa vya damu ambavyo mtu aliyefundishwa huviona akifungua fuvu. “Imevimba” kwa kulinganisha na nini? Hapo ndipo rula inapohitajika. Kwa hiyo vipimo vya juujuu vina faida, lakini faida yenye mipaka, na utafiti unaoishia kwenye urefu na upana bila kwenda kwenye tishu chini ya darubini umeacha kazi nusu. Lawama ya wale wa kundi la kwanza ingekuwa na nguvu zaidi wangeielekeza hapo.

Kuna pingamizi la tatu ambalo halikusemwa siku ile lakini nimelisikia kwa watu wanaoijua kazi: kuku ni kuku, ramani za ubongo wake zipo tangu zamani, baadhi zikiwa za kuku wa kizungu wa mayai, za nini tena kwa aina zetu za asili kama Kuchi na Ching'wekwe? Lingekuwa pingamizi zuri kama ubongo wa kuku ungekuwa mmoja. Mwaka 2016 kundi lilelile la Sweden lilionyesha kwamba White Leghorn, kuku wa kizungu wa mayai, ana ubongo mzito kuliko wa kuku mwitu, ila mdogo ukilinganisha na mwili, na kwamba serebela yake inachukua sehemu kubwa zaidi ya ubongo wote. Zaidi ya hapo, maeneo ya vinasaba yanayoongoza ukubwa wa ubongo hayakuwa yaleyale yanayoongoza ukubwa wa mwili. Maana yake ni kwamba uzalishaji unaweza kuvuta kimoja bila kingine, na sehemu moja ya ubongo bila nyingine. Sasa tazama kuku wetu. Kuchi ni mrefu, mzito, mgomvi. Ching'wekwe ni mdogo wa umbo. Singamagazi wa Tabora, Morogoro wa kati, kishingo asiye na manyoya shingoni: hawa wamepita njia tofauti, wamechaguliwa na watu tofauti kwa mahitaji tofauti. Kudhani ramani ya Leghorn inawatosha wote ni kubahatisha. Wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wenzao wa Marekani hawakubahatisha hivyo walipotafuta vinasaba vinavyohusiana na kustahimili kideri. Waliwachukua Kuchi, Ching'wekwe na Morogoro wa kati wakawachunguza wenyewe.

Jambo linalonigusa zaidi katika mada hii limo ndani ya yai. Miaka ya mwisho ya 1970, Lesley Rogers wa Australia alianza kuonyesha kwamba nusu mbili za ubongo wa kifaranga hazifanyi kazi sawa. Kabla ya kutotolewa kifaranga hukaa ndani ya yai jicho la kulia likielekea kwenye ganda na la kushoto likifunikwa na mwili, kwa hiyo mwanga unaopenya hugusa jicho moja na kuzinoa nusu mbili kwa namna tofauti. Mwaka 2004 yeye na wenzake walilinganisha vifaranga waliopata mwanga ndani ya yai na wale waliokaa gizani. Wakapewa kazi mbili kwa wakati mmoja: kutenganisha punje na changarawe, na kumwangalia adui anayepita juu. Waliopata mwanga walizimudu vizuri zaidi. Mfugaji yeyote wa Mbagala anaijua kazi hiyo kwa jina lingine. Kifaranga anachakura jaani huku kunguru, wale weusi wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wakaenea hadi kwetu, wanamsubiri juu ya bati. Tetea anayeatamia huinuka mara chache kwa siku kula na kunywa, na mwanga hupata nafasi. Mashine nyingi za kutotolesha ni sanduku lenye giza. Simaanishi kwamba tuzitupe. Nasema hivi: tunaponunua chotara wa mashine na kuwaachia uani wajitafutie, halafu tukashangaa kunguru wanavyowamaliza, tusikimbilie kusema damu yao ni ya kijinga. Huenda tofauti si damu bali ni taa. Na hatutaweza kutenganisha mambo hayo mawili bila kulinganisha ubongo wa vifaranga wa aina moja waliototolewa kwa njia mbili. Huo ungekuwa utafiti wa maana kwa jiji hili.

Chotara wenyewe siwapingi. Kroila kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa walijaribiwa nchini kupitia ACGG, mradi wa kuboresha kuku wa Afrika ulioendeshwa pia Ethiopia na Nigeria, na familia nyingi zimepata mayai na nyama zaidi kwa sababu yao. Wasiwasi wangu ni wa kipimo. Tukichagua kuku kwa uzito na upole, vizazi kumi vya Linköping vinatuonya kwamba tutakuwa tunachagua na ubongo pia, tutake tusitake. Pengine mabadiliko hayo hayana madhara. Pengine kuku wa bandani hahitaji hofu ya babu yake. Lakini mfugaji anayeacha kuku wake huria anauza hofu hiyo bila kujua bei yake, na anayemshauri, awe bwana mifugo au muuza vifaranga, hana namba ya kumwonyesha.

Kwa hiyo nikiulizwa utafiti huo ufanywe vipi hapa, ningeomba mambo machache ambayo katika kazi nyingi za namna hii huandikwa kwa haraka. Aina ya kuku itajwe kwa jina na mahali alikotoka, si “kienyeji” tu. Neno hilo sokoni linamfunika kila asiyekuwa mweupe wa kizimbani. Jinsia na umri viandikwe. Kuku apimwe uzito akiwa hai, na isemwe kama ubongo ulipimwa ukiwa mbichi au baada ya kukaa kwenye formalini, kwa kuwa dawa hiyo hubadilisha vipimo na kufanya namba za maabara mbili zisilinganishwe. Vichwa vya sokoni vinafaa kufundishia mkono na kuanzia, ila kuku wa sokoni amesafiri kwenye tenga juu ya basi kutoka Singida au Dodoma, umri wake, kama ni jogoo, unakisiwa kwa kipi, ule mwiba wa mguuni, na huenda aliuzwa kwa sababu alianza kuzubaa. Wa kuwekea rula watoke kwa wafugaji wanaojua mama na baba wa kila kuku.

Na hapo kuna haraka ya kweli. Nyumbani kwa shangazi yangu Mbagala kuna matetea saba, na yeye huwaita wote wa Singida. Nilipomwuliza kuhusu jogoo, alinionyesha mmoja mwekundu, mnene, aliyenunuliwa akiwa kifaranga cha mashine mwaka juzi. Vifaranga waliokuwa wakichakura chini ya mwembe wake siku ile wana mchoro wa mama na kifua cha baba, na miezi michache ijayo wao nao wataitwa wa Singida.